Kumi na Tatu ni Kubwa Kuliko Kumi na Mbili

Jumatatu, 17 Aprili
Asubuhi ukungu mzito hadi kwenye kioo cha dirisha. Baridi. Hakuna upepo. Jua limejitokeza saa tano kasoro, kwa aibu.

Nimepima miche. Yote sita, kama sheria ya jimbo inavyoruhusu, si mmoja zaidi. Mrefu kabisa inchi kumi na moja. Mfupi inchi tisa na nusu. Inakaa stoo chini ya taa, muda wa saa kumi na nane kila siku, tangu Machi. Majani mapana, rangi ya kijani iliyokolea, shina nene kama kidole cha mwisho cha kaka yangu Clete. Clete ameomba nisipime bangi kwa vidole vyake.

Jana kikao cha Chama cha Wakulima wa Bonde la Sorrel. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo huku naandika yale nisiyoyaandika kule. Mwenyekiti wetu, Mzee Orrin, alitangaza kwamba miaka mitatu ya jirani yangu Hester kwenye kitalu cha kusini inakwisha. Jumamosi tarehe 17 Juni kila mwanachama ataleta mche mmoja ndani ya chungu. Itapimwa. Mwenye mche mrefu kuliko yote anachukua kitalu cha kusini kwa miaka mitatu.

Kitalu cha kusini! Jua toka asubuhi mpaka jioni! Mimi nina mwaka wa sita chini ya miti mikubwa ya upande wa kaskazini. Jua linanifikia saa tano, linasalimia, saa nane linaaga. Mwaka jana nilivuna bangi ya kujaza soksi. Soksi moja. Clete akataka soksi yake irudishwe.

Nina umri wa miaka hamsini na tisa. Nikikikosa safari hii, nitakisubiri hadi nifike sitini na mbili. Sikubali.

Baada ya kikao Hester alinishika bega, akaniambia, “Usikate tamaa, shoga. Kivuli nacho kina watu wake.” Akacheka kwa sauti yake ile ya kuku aliyetaga. Nilikuwa nahesabu.

Jumanne, 18 Aprili
Mvua nyepesi mpaka saa tatu. Baadaye mawingu.

Hesabu imekamilika. Naiandika hapa ili vizazi vijavyo viione.

Bondeni hapa hakuna anayetoa miche kwenye taa na kuiweka nje kabla ya Sikukuu ya Mama, katikati ya Mei, na waoga husubiri mpaka mwanzo wa Juni. Eti mche uliozoea taa ukikutana na usiku mrefu wa Aprili hudhani vuli imefika na baridi inafuata. Unachanua ungali mtoto, na urefu unaishia hapo. Wanarithishana maneno haya kama mapishi ya maharage. Hakuna aliyewahi kuyapiga hesabu.

Mimi nimepiga. Kitabu kinasema bangi huchanua mchana ukishuka hadi saa kumi na mbili. Jedwali la jua linasema keshokutwa mchana utakuwa wa saa kumi na tatu na dakika ishirini na tatu. Kumi na tatu ni kubwa kuliko kumi na mbili. Kwisha! Bonde zima linapoteza wiki sita za jua kila mwaka kwa kutojua kutoa.

Nimemwonyesha Clete. Amesema kama ingekuwa rahisi hivyo, Mzee Orrin angekwisha kulijua, maana analima tangu kabla mimi sijaota meno. Nikamwambia kulima sana si kufikiri sana. Akasema sawa, dada, mimi nibebe nini?

Alhamisi, 20 Aprili
Asubuhi angavu, ubaridi kidogo, jua toka saa kumi na mbili na nusu.

Leo bonde lote limeteremka uwanjani, kama kila mwaka tarehe hii, sikukuu ya bangi. Ngoma, moshi, maharage, mkate wa mahindi. Nimesema jino linaniuma. Nimefunga hata kitambaa shavuni, Hester alipopita na sufuria yake. Akasema pole, akaninusisha maharage yake, akaenda.

Saa nne miche yote sita imo uani. Clete alibeba minne, mimi miwili na daftari. Nimeipanga nyuma ya nyumba, mstari mmoja, ili barabarani isionekane. Nimesimama mbele yake nikahisi kama jenerali. Wiki sita mbele ya Hester!

Clete ameuliza kwa nini majani yanainama. Nimemwambia yanalisujudia jua.

Jumamosi, 22 Aprili
Jua kali mpaka jioni.

Hayakuwa yanasujudu. Yameungua. Matano kati ya majani makubwa yamekuwa meupe kama karatasi ya msalani. Clete anasema hata yeye akitolewa stoo baada ya wiki saba na kuwekwa juani atakuwa hivyo hivyo. Nimelining'iniza shuka langu la maua juu ya miche. Kivuli. Nimeitoa miche kivulini ili nije kuitengenezea kivuli. Nimejizuia kucheka.

Jioni nimepita kwa Hester kurudisha bakuli ambalo si lake, ili nipate sababu. Miche yake bado imo bandani, chini ya taa! Mlangoni kuna ubao mweusi na chaki: 18. Basi. Namba tu. Nimemwuliza atatoa lini. Amesema hana haraka, mche si mkate, hautolewi kwa njaa yako.

Maskini. Hajui.

Jumamosi, 29 Aprili
Jalidi! Nyasi nyeupe saa kumi na moja alfajiri. Vidole vimekufa ganzi.

Nimeamka, nikakimbia uani na nguo ya kulalia na viatu vya mpira vya Clete, nikaifunika miche kwa mablanketi ya viraka ya marehemu bibi. Sita, moja kila mche. Yamekaa vizuri, kama watu waliochuchumaa.

Saa moja Hester akatokea kwa njia ya nyuma na mayai ya kuniuguzia jino. Wiki ya pili sasa na jino bado linaniuma, kwa maelezo yangu mwenyewe! Akayatazama mablanketi. Akauliza ni kina nani hao na mbona hawaingii ndani kunywa chai. Nikasema ni nguo zinapigwa hewa. Akasema, “Zinapigwa hewa au zinasali?” Akaacha mayai juu ya ngazi, akaenda akitikisika mabega.

Hakuona chochote. Nina hakika.

Baadaye nimempelekea shukrani, nikatupia jicho ubao wake. Sasa umeandikwa 17½. Wiki iliyopita 18. Nimetafakari njia nzima. Taa yake inapungua nguvu! Inakufa, nusu saa kwa nusu saa, naye anaandika kama daktari kando ya kitanda. Nimeona huruma. Kiasi.

Jumamosi, 6 Mei
Asubuhi joto, nyuki wengi, mbingu safi.

USHINDI. Inchi mbili tangu juzi! Mche wa tatu una inchi ishirini na moja! Yote inarefuka kama watoto wa shule likizoni, matawi yanakimbiana kwenda juu. Nimepima mara tatu. Nimemlazimisha Clete apime. Amepima, akasema kweli dada, nilikudharau. Nimemwomba aiseme tena nikiwa na kalamu mkononi: “Kweli dada, nilikudharau.” Saa nne na dakika kumi asubuhi.

Ubao wa Hester: 17.

Kwenye duka la mbegu nimemnong'oneza Mzee Orrin kwamba taa ya Hester inakata roho, na kama chama kina waya wa akiba kingemsaidia bila kumtia aibu. Orrin akanitazama juu ya miwani. Akasema Hester ana taa mpya tangu Krismasi. Nikasema ndiyo hizo hizo mpya zinazokufa siku hizi.

Nimeanza kuchora ramani ya kitalu cha kusini. Kiti changu nitakiweka pembe ya mashariki.

Alhamisi, 11 Mei
Mawingu. Sijali.

Vinyweleo. Vyeupe, viwili viwili, kila mahali tawi linapokutana na shina. Kwenye miche yote sita.

Inachanua.

Clete alifurahi. Alisema maua ya kwanza katika wilaya nzima, tena Mei, nitoe picha gazetini! Nilimweleza kwa utulivu kwamba mche ukishachanua, kule kurefuka kwa ghafla ndiko kwaheri yake. Zile inchi mbili hazikuwa ushindi. Ilikuwa ni bibi harusi anajinyoosha avae gauni. Akishavaa haongezeki. Clete akasema kumbe. Halafu akasema, “Kwa hiyo nirudishe ile kauli ya Jumamosi?” Nikamwambia imeshaandikwa.

Nimerudia hesabu. Kumi na tatu bado ni kubwa kuliko kumi na mbili. Hesabu haina kosa. Miche ndiyo haijasoma.

Jumapili, 14 Mei. Sikukuu ya Mama
Jua, upepo wa magharibi, harufu ya pai kutoka kila nyumba.

Wiki tano kabla ya kupimwa. Sifi kirahisi hivi.

Chakula cha pamoja kanisani. Nimekaa karibu na Mzee Orrin kwa makusudi, nikamjazia sahani samaki. Nikamwambia nina shoga yangu huko Oregon, mwanamke mwenye akili sana, aliyetoa miche kwenye taa mwezi Aprili na sasa imechanua. Afanyeje?

Orrin akasema kwanza shoga yako si mwenye akili. Nikamwongezea samaki. Akasema miche ile ilikuwa inalala usiku wa saa sita stoo, akaitupa kwenye usiku wa saa kumi na nusu, unategemea nini? Nikasema lakini mchana ulikuwa zaidi ya kumi na mbili. Akasema, “Mwambie shoga yako kumi na mbili ni namba ya kitabuni. Mche haujui kitabu. Unajua jana.” Nikamwuliza dawa. Dawa ni kuuvunja usiku: kila siku katikati ya giza uwashiwe taa kwa saa moja au mbili, udhani ni kiangazi, usahau maua, uanze tena majani. Itachukua wiki tatu, nne. Urefu, asahau.

Asahau! Hiyo ni kwa watu wa Oregon.

Hester alikuwa upande wa pili wa meza. Alikuwa anakata pai polepole sana kwa mtu asiyesikiliza.

Jumanne, 16 Mei
Asubuhi ukungu, mchana safi.

Mitambo: taa za Krismasi, minyororo minne. Pikapu ya Clete, taa za mbele zikielekea kwenye miche. Jenereta la zamani ili betri ya pikapu isiishe. Jenereta lina kelele, tuku-tuku-tuku, na mlima wa pili unazirudisha. Clete ameuliza majirani je. Nimemwambia majirani saa saba usiku wanalala, kama watu wastaarabu.

Usiku huu tunaanza.

Jumatano, 17 Mei
Sijui hali ya hewa ya asubuhi. Sikuitazama.

Lazima niandike kwa mpangilio.

Saa saba usiku tuliwasha. Uani pakawa mchana. Miche ilipendeza sana. Jenereta likanguruma. Clete, kwa bidii aliyoizua mwenyewe, alipanda juu ya pikapu na tochi kubwa, akawa anaumulika kila mche kwa zamu, mwanga ukipita juu ya miti, ukienda, ukirudi.

Mzee Orrin anakaa ng'ambo ya kijito. Ana miaka sabini na minane. Ujana wake wote askari walikuwa wanakuja na helikopta kung'oa bangi milimani. Sheria imekwisha kubadilika zamani, kila mtu ana miche yake sita mchana kweupe. Miguu ya Mzee Orrin haikuarifiwa. Aliposikia tuku-tuku na kuona mwanga ukisaka juu ya miti, alitoka kitandani, akaibeba miche yake sita, mmoja mmoja, bila taa, bila suruali, akaificha kwenye kichaka cha miiba nyuma ya zizi, akailalia kifudifudi mpaka kulipokucha.

Kisha akaenda kunywa kahawa. Ndipo mbuzi wake wakaingia kichakani.

Halikubaki hata shina. Clete amekwenda kumjulia hali. Anasema mzee ana mikwaruzo mpaka kwenye masikio, na mbuzi hawana neno, wanatazama ukuta.

Naona haya. Naandika ukweli: naona haya sana. Pia naona kwamba mshindani mmoja amepungua.

Ijumaa, 19 Mei
Manyunyu.

Kikao cha dharura. Orrin ameeleza kwa uchungu, watu wamesikitika, wazee wawili wamekumbuka helikopta zao na wakaanza kubishana ipi ilikuwa kubwa. Nimeandika kwenye kumbukumbu: “Taa zisizojulikana asili yake zilionekana upande wa kaskazini.” Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho.

Hester akainua mkono. Akamwuliza mwenyekiti kama helikopta hiyo ilikuwa na rangi. Orrin akasema alikuwa kifudifudi lakini aliona nyekundu na kijani. Hester akanigeukia, uso mkavu kama mkate wa juzi: “Katibu, hilo umeliandika? Serikali siku hizi inaruka na taa za Krismasi.”

Nimeandika.

Tumehamishia mwanga ndani ya hema. Taa moja ndogo, saa saba mpaka saa tisa, bila jenereta, bila Clete.

Jumamosi, 3 Juni
Asubuhi safi kabisa, umande, ndege wengi mno.

Dawa inafanya kazi! Vinyweleo vinakauka, majani mapya yanatoka. Ila ni majani ya namna gani? Jani la bangi lina vidole vitano, saba. Haya yana kimoja. Cha mviringo. Kimejikunja. Mengine yanatokea katikati ya ua kama ulimi. Mche umekuwa kichaka kinene kilichosokotana, kama nywele za Clete akiamka. Urefu: futi mbili na inchi nne. Tarehe 13 Mei ulikuwa futi mbili na inchi tatu na nusu.

Leo Hester ametoa miche yake nje. Nimemwona kwa darubini ya Clete. Aliibeba kwa utaratibu, akaiweka kwenye kivuli chembamba, akafuta ubao. Nilikuwa nimewahi kuuona kabla hajaufuta: 15. Nimefungua jedwali. Mchana wa leo ni saa kumi na nne na dakika hamsini. Nimeona namba hizo mbili zinakaribiana. Bahati tu. Taa yake imekufa siku nzuri.

Jumamosi, 17 Juni
Jua tupu. Joto tangu saa mbili.

Sikulala. Usiku nimebuni mkakati wa mwisho: si mche ulioharibika, ni aina mpya. Nimeupa jina, Malkia wa Sorrel. Nimeandika kibao kwa wino wa bluu. Chamani watu wataona jani la kidole kimoja, watashangaa, watapiga kura kubadili kipimo kutoka urefu hadi uzuri. Nilikuwa na hotuba ya ukurasa mmoja na nusu.

Mzee Orrin alileta chungu kitupu. Kwa heshima, alisema. Kikapimwa: sifuri. Watu wakakipigia makofi, mimi nikapiga kuliko wote.

Ikaja zamu yangu. Orrin akavaa miwani, akavua, akafuta, akavaa tena. Akashika jani. Akanusa. Akasema, “Bi Wilda, hii ni bangi au mrehani?” Uwanja mzima ukaangua kicheko. Clete naye, ambaye alikuwa ameapa kwamba hatacheka. Nilisoma hotuba mpaka sentensi ya tatu. Kwenye “ugunduzi” mtu akapaliwa na mkate.

Futi mbili na inchi nne. Mche wa Hester: futi nne na inchi saba, umenyooka, vidole saba kila jani, unapepea kama unajua. Katika wanachama kumi na mmoja nimekuwa wa kumi. Nimeshinda chungu kitupu.

Nilikwenda kukaa nyuma ya matangi ya maji. Miaka mitatu tena. Nilijaribu kufikiria nikiwa na sitini na mbili, na kivuli, na soksi. Nikalia kidogo. Naandika kwa sababu ilitokea.

Hester akanifuata. Akakaa chini kwa taabu, magoti yakilia kama mlango. Akanipa kipande cha pai bila kuniangalia. Akasema jino linaendeleaje. Nikasema limepoa. Akasema alijua tangu siku ya mablanketi, maana nguo za kupigwa hewa hazitoi majani kwa chini. Na helikopta ameijua tangu alipoisikia, kwa sababu jenereta lile ni yeye aliyemuuzia Clete. Nikamwuliza mbona hakuniumbua. Akasema, “Nikuumbue, halafu kumbukumbu za chama aandike nani? Orrin? Hajui hata kushika kalamu upande wa wino.”

Kisha akanieleza ubao. Kila Jumamosi alikuwa anaipunguzia miche nusu saa ya taa, kwa makusudi, kumi na nane, kumi na saba na nusu, mpaka kumi na tano, ili siku ya kutoka nje usiku wa nje uwe sawa na usiku wa ndani. Mche usishtuke. Mche usijue kwamba umehama. Mche hauhesabu mchana, unahesabu giza, na unalipima kwa giza la jana.

Kumbe taa haikuwa inakufa!

Halafu akasema kitalu cha kusini kina ngazi arobaini na moja, na yeye ana magoti mawili tu, tena mabovu. Nusu ya mashariki niichukue mimi. Kuna sharti moja: nisitoe mche kwenye taa kabla ya Juni. Nikivunja, nusu inarudi. Tukapeana mikono. Mkono wake una nguvu.

Nusu ya mashariki. Jua toka asubuhi! Nimekwenda kuiona peke yangu jioni. Nimesimama juu yake. Udongo una joto mpaka ndani ya viatu.

Jumatatu, 19 Juni
Asubuhi joto, upepo kidogo.

Nimempelekea Mzee Orrin miche miwili kati ya sita. Nimesema inatoka kwa yule shoga yangu wa Oregon, amesikia habari za mbuzi. Orrin ameshika jani la kidole kimoja kwa muda mrefu sana. Amesema nimfikishie salamu shoga yangu, na nimwambie amesamehewa, na usiku azime jenereta.

Hester amenipa ubao mweusi mpya na kipande cha chaki.

Jumatano, 21 Juni
Asubuhi safi, umande umekauka saa mbili. Siku ndefu kuliko zote: saa kumi na tano na dakika moja.

Nimetafakari somo la Hester kwa siku nne, kwa utaratibu, nikiandika safu mbili. Nimelielewa lote. Tatizo si Aprili. Tatizo ni giza. Mche unalinganisha giza la leo na giza la jana. Hester anashughulika na nusu saa nusu saa wiki sita nzima, kama anamwachisha mtoto ziwa. Lakini nani aliyefundisha mche giza? Sisi! Sisi ndio tunaozima taa!

Usipozima, je?

Mche uliokulia kwenye taa saa ishirini na nne haujawahi kuona usiku. Hauna jana ya kulinganishia. Ukiutoa nje Aprili, jua litakapozama hautajua hata ni nini hicho. Utadhani mtu amepita mbele ya dirisha. Nimemweleza Clete. Amesema mtu kutomjua simba haimaanishi simba hatamla. Nimemwambia simba si mmea.

Kuhusu sharti: Hester alisema nisitoe mche kabla ya Juni kwa sababu unaogopa usiku. Wangu hautaogopa. Kwa hiyo sharti haliuhusu. Nusu ya mashariki iko salama. Tena Hester akiona mche wangu una futi nne mwezi Mei, ataniomba nimfundishe.

Nina nafasi ya miche miwili mpaka nifike sita. Nimepanda mbegu mbili leo saa kumi jioni, za majaribio. Kisaa cha kuzimia taa nimekitupa. Ubao nimeuandika: 24. Stoo Clete amekataa, ameijaza chupa zake za matango ya siki na amekaa mlangoni, kwa hiyo taa nimeifunga chumbani kwangu, juu ya meza, kando ya kitanda. Mwanga mzuri. Mweupe. Unapenya kope.

Naongeza asubuhi yake: saa nne usiku nimelala. Saa tano nimeamka. Saa sita nimejifunga taulo usoni. Saa nane nimegeuza kitanda. Sizimi. Hata dakika moja, isije ikajifunza. Usingizi umenichukua saa kumi na moja na dakika ishirini, alfajiri, kichwa kikiwa ndani ya kabati.